Dirisha lilizibwa, mwizi akiwa ameshaondoka

Na Mwandishi Wetu

MWISHONI mwa Mei 2023, wakati ofisi nyingi za Marekani zikiwa zimefungwa kwa mapumziko marefu ya siku ya kuwakumbuka wanajeshi waliokufa vitani, kundi la wezi wa mtandaoni linalojulikana kwa jina la Clop liliingia katika kompyuta za kampuni na taasisi nyingi na kuondoka na mafaili yenye taarifa za mamilioni ya watu. Wezi hao walipitia katika programu ambayo kampuni hizo ziliinunua mahususi ili mafaili yao yasafiri kwa usalama.

Programu hiyo inaitwa MOVEit Transfer, na inatengenezwa na kampuni ya Progress Software ya jimbo la Massachusetts. Kazi yake ni kama ya tarishi. Kampuni inayolipa mishahara, kwa mfano, huitumia kupeleka orodha ya majina, vitambulisho na namba za akaunti kutoka ofisi moja hadi nyingine.

Mkulima au mwenye duka la pembejeo anaweza kujiuliza, mambo ya Massachusetts yanamhusu nini? Jibu ni kwamba walioumia zaidi katika mkasa ule ni watu ambao hawakuwahi hata kulisikia jina la MOVEit. Hapo ndipo lilipo funzo kwetu.

KASORO ILIKUWA WAPI?

Kasoro yenyewe ni ya aina ya zamani, inayojulikana na mafundi kwa miaka mingi. Chukua mfano wa karani wa ghala. Mteja anamletea karatasi ya kuomba mifuko miwili ya mbolea, lakini chini yake ameongeza mstari mwingine: "Nipe na funguo za ghala." Karani aliyefundishwa kutii kila kilichoandikwa kwenye karatasi atatoa mbolea na funguo pia. Ndivyo MOVEit ilivyofanya. Maneno yaliyoingizwa na mgeni kutoka nje yaliweza kusomwa na hifadhi ya kumbukumbu kama amri halali, nayo ikatii.

Baada ya kuingia, Clop waliacha faili lao dogo ndani ya seva, lenye jina linalofanana na mafaili halali ya programu hiyo, ili waweze kurudi na kuchota walichotaka. Hawakufunga kompyuta za watu kama wafanyavyo wezi wengi wa aina yao. Walichukua nakala, kisha wakatangaza kwamba kampuni ambazo hazitawasiliana nao hadi Juni 14 zitaanikwa hadharani.

Wizi ulianza Mei 27. Progress iliwatahadharisha wateja wake na kutoa kiraka cha kuziba kasoro hiyo Mei 31. Siku nne hizo ndizo zilizoamua kila kitu. Hata fundi mwenye bidii, aliyeweka kiraka saa ileile kilipotoka, huenda alikuwa anaziba dirisha la nyumba ambayo mwizi ameshatoka na mzigo. Uchunguzi wa programu hiyo ulipoendelea, kasoro nyingine zilibainika, na viraka vingine vikatolewa Juni 9 na Juni 15.

Kampuni ya usalama wa kompyuta ya Emsisoft, iliyofuatilia hesabu ya mkasa huo, ilifikisha taasisi zaidi ya 2,700 zilizoathirika na watu zaidi ya milioni 90. Serikali ya Marekani ilitangaza zawadi ya hadi dola milioni 10 kwa atakayetoa taarifa za kuwahusisha Clop na serikali ya nchi yoyote.

WALIOUMIA HAWAKUWA WATEJA

Nchini Uingereza, kampuni ya Zellis inayoandaa mishahara kwa niaba ya waajiri wengine ilikuwa ikitumia MOVEit. Kwa sababu hiyo, taarifa za wafanyakazi wa shirika la utangazaji la BBC, shirika la ndege la British Airways na maduka ya dawa ya Boots ziliangukia mikononi mwa wezi. Muuza duka wa Boots hakuwa amechagua programu yoyote. Mwajiri wake alimchagua Zellis, naye Zellis akaichagua MOVEit.

Katika jimbo la Louisiana nchini Marekani, mamlaka ilieleza kwamba kila mkazi mwenye leseni ya udereva, kitambulisho au usajili wa gari uliotolewa na jimbo hilo huenda taarifa zake zilichukuliwa. Jimbo la Oregon lilikadiria watu wapatao milioni 3.5. Hawa wote walikuwa wamejaza fomu za serikali tu, kama sheria ilivyowataka.

Sasa tutazame kwetu. Mkulima wa korosho anayeuza kwa mfumo wa stakabadhi ghalani hulipwa kupitia akaunti ya benki. Jina lake, kilo zake na namba ya akaunti yake hupita katika mikono kadhaa kabla fedha hazijamfikia. Mwanachama wa SACCOS anaacha picha, kitambulisho na majina ya wadhamini wake. Mfumo wa mbolea ya ruzuku ulioanza Tanzania mwaka 2022 uliwataka wakulima kujiandikisha. Mkulima huyo, kama muuza duka wa Boots, haoni kompyuta zinazotunza taarifa zake wala hachagui programu zake.

Taarifa hizo zikivuja, hasara haiji siku ileile. Huja baadaye, pale tapeli anapopiga simu akijua jina lako kamili, chama chako na kiasi unachodai, kisha akakuomba namba ya siri "ili malipo ya pili yaingie". Mtu ambaye angemkatia simu tapeli wa kubahatisha anaweza kumwamini huyu, kwa sababu kila anachokisema ni kweli isipokuwa kile anachokiomba.

KIRAKA SI DAWA YA MWISHO

Wafugaji wa kuku wanalifahamu jambo hili vizuri. Chanjo ya kideri haitolewi mara moja ikaisha. Hurudiwa kila baada ya miezi michache. Kuku aliyekwisha kuugua hatibiwi kwa chanjo. Kiraka cha programu kina tabia hiyohiyo. Hukinga yajayo, lakini hakirudishi kilichochukuliwa.

Clop wenyewe wamerudia mchezo huo dhidi ya programu za kusafirisha mafaili. Walianza na mtambo wa zamani wa kampuni ya Accellion, mwishoni mwa 2020. Mwanzoni mwa 2023 wakaingia kwenye programu ya GoAnywhere, kabla ya kugeukia MOVEit. Desemba 2024 ikawa zamu ya programu za Cleo, ambazo kampuni huzitumia kupelekeana oda na ankara za biashara. Kasoro ya Cleo ilikuwa imetolewa kiraka Oktoba 2024, lakini Desemba ikagundulika kwamba hata waliokiweka walikuwa bado wanaingiliwa. Ikabidi kitolewe kingine.

Wezi hawa huzipenda programu za aina hiyo kwa sababu ni njia panda. Anayekaa njia panda hahitaji kuzunguka mashamba yote. Mizigo yote inampitia.

Simu zetu za mkononi nazo hazijasalimika. Februari 2021 kampuni ya Trend Micro ilitangaza kasoro katika SHAREit, programu ya kurushiana mafaili kati ya simu na simu iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara bilioni moja. Trend Micro ilieleza kwamba ilikuwa imewaarifu wenye programu miezi mitatu kabla bila kujibiwa. Kiraka kilitoka siku chache baada ya habari kutangazwa. Lakini kiraka hicho hakikumsaidia mtu aliyeendelea kutumia toleo la zamani, alilorushiwa na rafiki ili kuokoa bando.

NINI KIFANYIKE?

Kwa upande wa sheria, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayomtaka mtunza taarifa kumjulisha Kamishna ndani ya saa 72 anapobaini uvujaji unaoweza kuwadhuru wahusika. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, pamoja na Tume yake. Hata hivyo sheria huja nyuma ya tukio. Maswali yanayoweza kuzuia hasara ni yale yanayoulizwa mapema, kwenye mkutano mkuu wa chama.

Wanachama wana haki ya kuuliza: orodha yetu inapelekwa kwa nani, na kwa njia gani? Nani ana jukumu la kuweka viraka, na siku za sikukuu nani anashika zamu? Mafaili yakishafika yanakokwenda, je, yanafutwa njiani au yanaachwa yakirundikana? Swali hili la mwisho lina uzito mkubwa, kwa sababu mwizi hawezi kuchukua faili ambalo halipo. Mweka hazina anayeacha orodha za misimu mitano katika kompyuta ya kutumia mafaili anamwekea mwizi akiba.

Kwa mfanyabiashara mdogo, kazi ni nyepesi zaidi. Ruhusu simu ijisasishe yenyewe, hata ikila bando kidogo. Pakua programu kutoka duka rasmi la simu, si kutoka kwenye simu ya jirani. Ondoa usiyoitumia. Na yeyote atakayekupigia akiomba namba ya siri, hata kama anaijua hesabu ya magunia yako hadi la mwisho, kata simu, kisha uende mwenyewe ofisini ukaulize.