Talulah Gosh na shutuma ya utoto

Mchambuzi mmoja wa muziki ametuonya tusipoteze muda kuwafufua Talulah Gosh: bendi ya miaka miwili, isiyo na albamu hata moja ya studio, iliyopiga muziki wa kitoto.

Miaka miwili, sawa. Walianza Oxford mwaka 1986, wakasambaratika 1988, wakaacha singo chache na rekodi walizofanya kwa ajili ya redio ya BBC. Lakini tangu lini pop ikauzwa kwa kilo?

Hilo la utoto ndilo linaloniudhi. Huyu bwana ameona vibanio vya nywele na beji za bendi ya Pastels (ndizo zilizowakutanisha waimbaji wa Talulah Gosh, Amelia Fletcher na Elizabeth Price), akafunga masikio. Asikilize "Break Your Face": gitaa linakwaruza, ngoma zinakimbia kwa kasi ya panki, na juu yake sauti laini za kike zisizoomba radhi. Enzi hizo mwanamuziki wa roki alipimwa kwa ngozi nyeusi ya koti lake na kununa kwake. Wao walikataa kununa. Kukataa huko kulihitaji akili, si utoto.

Na akili walikuwa nayo. Fletcher ni mchumi na profesa wa sera za ushindani. Price alishinda Tuzo ya Turner mwaka 2012. Tuzo haifanyi wimbo uwe mtamu, najua, ila kuwaita watoto waliopotea njia ni kichekesho.

Mkusanyiko wa nyimbo zao, "Was It Just a Dream?", upo tangu 2013. Ausikilize kwanza, ndipo aandike tena.