Mgeni njoo, mwenyeji apone

JUMAPILI iliyopita dada yangu alitutembelea pamoja na kifungua mimba wake, yule ambaye ukoo mzima humwita "Kapteni" ingawa leseni hajaipata bado. Kijana huyu anasomea urubani katika chuo kimoja pale uwanja wa ndege wa Wilson hapa Nairobi, na karo yake imekwisha kumeza ploti moja na ng'ombe kadhaa. Kwa hivyo akija kwetu hupewa kikombe cha kwanza cha chai na swali la kwanza: "Masomo yaendaje?"

Siku hiyo hakujibu upesi. Alikoroga chai iliyokuwa imekwisha kukorogwa, kisha akasema, "Mjomba, kuna jambo linanisumbua."

Akanieleza kwamba juma hilo alikuwa ameketi kiti cha nyuma ndani ya ndege ndogo ya mafunzo, mwenzake akiwa mbele pamoja na mwalimu. Ndivyo wafanyavyo wanafunzi: mmoja huendesha, mwingine hukaa nyuma akitazama ili ajifunze. Ndege ilipoanza kujikokota kuelekea mahali pa kurukia, aliona kwamba mlango mdogo wa mizigo haukufungwa sawasawa. Mwanga ulikuwa ukipenya. Akafungua kinywa, kisha akakifunga. Mwalimu yule ameruka angani miaka mingi kuliko umri wa mpwa wangu. Labda anajua. Labda atamwona mjuaji. Tena zamu haikuwa yake. Ni fundi mmoja aliyekuwa kando aliyepunga mikono hata ndege ikasimama.

"Hakuna aliyeumia," akasema. "Lakini je, yule fundi asingekuwapo? Na mimi ningesemaje, mjomba? Mle ndani nilikuwa mgeni tu."

Msomaji, swali hilo limenikosesha usingizi. Nalo si la ndege ndogo za Wilson pekee. Hata zile kubwa zinazovuka bahari zina kiti cha mgeni, na kiti hicho kina historia ndefu ya heshima, ya machozi, na ya watu waliookolewa.

Kiti cha tatu

Chumba cha marubani huwa na viti viwili vya mbele, cha kapteni upande wa kushoto na cha rubani msaidizi upande wa kulia. Nyuma yao huwa kuna kiti kingine, aghalabu cha kukunjwa, chembamba na kisicho na raha yoyote. Hapo huketi mkaguzi wa serikali, au rubani anayejifunza njia mpya, au rubani asiye kazini anayeomba lifti.

Huko Marekani lifti hiyo ni jambo la kila siku. Rubani wengi huishi mji mmoja na kuanzia kazi mji mwingine, mamia ya maili mbali. Kwa hivyo makampuni ya ndege yamekubaliana kubebeana marubani bila malipo, hata yale yanayoshindania abiria. Lakini hiyo ni hisani, si haki. Kapteni wa ndege ndiye mwenye nyumba, na akisema la, hakuna wa kumshurutisha.

Ndiyo maana adabu ya kiti hicho imekuwa kama mila. Mgeni haingii na mkoba wake akajitupa kitini kama abiria wa matatu aliyewahi nafasi ya mbele. Hufika mlangoni, akajitambulisha, akaonyesha kitambulisho na leseni yake, kisha akamwomba kapteni ruhusa kwa kinywa chake mwenyewe. Huvaa nadhifu. Pombe haigusi hata tone, maana akiwa mle ndani huhesabiwa kama mmoja wa wafanyakazi. Husikiliza anapoelezwa barakoa ya hewa iko wapi na njia ya dharura ni ipi, hata kama ameyasikia mara elfu. Hagusi swichi. Hamkosoi mwenyeji kwa namna anavyoishika ndege, wala hajisifu kwamba kwao mambo hufanywa vizuri zaidi. Wengine hubeba pakiti ya chokoleti kuwapa wahudumu. Na safari ikiisha, hungoja marubani wamalize ukaguzi wao wa mwisho ndipo ashukuru na kuaga.

Kimya

Juu ya yote hayo kuna kimya. Mnamo Septemba 1974 ndege ya abiria ilianguka ikijaribu kutua Charlotte, katika jimbo la North Carolina, na zaidi ya watu 70 wakafa. Kinasa sauti kilipofunguliwa, ilisikika kwamba marubani walikuwa wakipiga gumzo juu ya siasa na magari makuukuu huku ndege ikizidi kushuka ndani ya ukungu. Mwaka 1981 serikali ya Marekani ikatoa sheria: ndege ikiwa chini ya futi 10,000, ikipaa au ikitua, mazungumzo yote yasiyohusu kazi yakome. Mgeni naye hufungwa na sheria hiyo. Huvaa hedifoni, akanyamaza, akasaidia kwa macho tu.

Hebu fikiria, msomaji, kama tungekuwa na sheria ya namna hiyo kwa wale wanaoketi kando ya dereva wa matatu wakimsimulia habari za mpira wakati anapoingia kwenye mzunguko wa barabara!

Mgeni mbaya, mwenyeji mbaya

Mwaka wa 1994 ulikionyesha kiti hicho ubaya wa pande zote mbili. Tarehe 7 Aprili ndege ya mizigo ya kampuni ya FedEx iliondoka Memphis, Marekani, ikielekea California. Nyuma ya wafanyakazi watatu aliketi mwenzao wa kampuni hiyo hiyo aliyeomba lifti, akiwa na mkoba wa gita. Ndani ya mkoba mlikuwa na nyundo na bunduki ya kupigia samaki. Aliwavamia akawavunja mafuvu ya vichwa, akikusudia kuiangusha ndege ionekane kama ajali ili jamaa zake walipwe bima. Wale watatu, damu zikiwatiririka, walipigana naye huku mmoja wao akiipindua ndege huku na huku ili kumyumbisha. Walirudi Memphis wote wakiwa hai.

Majuma mawili tu kabla ya hapo, tarehe 23 Machi, ndege ya Aeroflot ilikuwa safarini kutoka Moscow kwenda Hong Kong. Kapteni aliwaingiza watoto wake wawili kuona mitambo, akawaachia kiti chake kwa zamu. Kijana wa kiume alipoubana usukani, aliizima sehemu ya mtambo unaoiendesha ndege yenyewe bila wakubwa kung'amua upesi. Ndege ililala ubavu, ikaporomoka katika misitu ya Siberia. Watu wote 75 waliangamia. Hapo mgeni hakuwa na kosa, alikuwa mtoto. Aliyekosa ni mwenyeji aliyesahau kwamba upendo wa mzazi hauna nafasi kwenye kiti cha kapteni.

Zamani zile milango ya marubani ilikuwa wazi, na watoto wengi walipelekwa kuchungulia mle ndani. Tarehe 29 Desemba 2000, ndege ya British Airways iliyokuwa ikitoka London kuja hapa Nairobi iliingiliwa na abiria aliyechanganyikiwa akili, akaung'ang'ania usukani. Ndege ilitumbukia maelfu ya futi kabla ya marubani kumshinda nguvu, kisha ikatua Nairobi salama. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, milango ikaimarishwa na kutiwa makufuli, na huko Marekani rubani mgeni sasa huhakikishwa kwa kompyuta kabla ya kukaribishwa.

Hata hivyo kompyuta haisomi moyo. Oktoba 22, 2023, rubani mmoja asiye kazini alipewa kiti hicho katika ndege iliyokuwa ikienda San Francisco. Njiani aliwaambia wenzake kwamba hayuko sawa, kisha akavuta vishikio viwili vya kuzima injini. Walimdhibiti, na ndege ikatua Portland ikiwa na watu zaidi ya 80. Alieleza baadaye kwamba alikuwa akiomboleza rafiki yake, hakuwa amelala, na siku mbili kabla alikuwa ametumia uyoga wa kulevya. Kisa hicho kilizusha mjadala mkubwa, maana wapo marubani wanaoficha huzuni zao kwa kuogopa kwamba wakimwambia daktari watanyang'anywa kazi. Kumbe kimya kinaweza kuwa ugonjwa.

Mgeni mwema

Sasa turudi kwa mpwa wangu na mlango wake wa mizigo, kwa maana wahenga hawakukosea waliponena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone.

Julai 19, 1989, ndege ya United ilikuwa ikienda Chicago kutoka Denver pale injini ya mkiani ilipopasuka na kukata mabomba yote ya mafuta yanayogeuza mabawa na usukani. Miongoni mwa abiria alikuwamo Denny Fitch, mwalimu wa marubani wa aina hiyo hiyo ya ndege, aliyekuwa akisafiri tu. Hakuukimbilia mlango akisema, "Nipisheni, mimi ni mwalimu." Alimtuma mhudumu amwambie kapteni kwamba yupo, akihitajika. Kapteni Al Haynes naye hakuona haya kukubali. Alimwita, akamtuma kwanza kwenda kuyakagua mabawa kupitia dirishani, kisha akamkabidhi vishikio vya nguvu za injini. Kwa kuongeza nguvu upande huu na kupunguza ule, waliifikisha ndege hadi Sioux City, katika jimbo la Iowa. Ilianguka ikitua, ikashika moto. Kati ya watu 296, waliokufa ni 112, lakini 184 walitoka wakiwa hai katika ajali ambayo kwa kawaida isingeacha mtu.

Kisa cha pili kinatuhusu sisi kwa karibu zaidi. Oktoba 28, 2018, ndege ya Lion Air aina ya Boeing 737 MAX ilitoka Bali kwenda Jakarta, Indonesia, na mara ikaanza kusukuma pua yake chini yenyewe. Kiti cha mgeni kilikuwa na rubani wa tatu asiye kazini. Habari zilizochapishwa mwaka uliofuata zilieleza kwamba ndiye aliyesaidia kutambua tatizo, na mota ya kwenye mkia ikazimwa. Walifika salama. Lakini katika kitabu cha ndege hawakuandika yote waliyoyaona. Kesho yake ndege ile ile iliruka na marubani wengine, bila jicho la tatu na bila habari kamili, ikazama baharini na watu 189. Na Machi 10, 2019, ndege ya Ethiopia ya aina hiyo hiyo ilianguka muda mfupi baada ya kutoka Addis Ababa kuja Nairobi. Walikufa watu 157, zaidi ya 30 kati yao wakiwa Wakenya wenzetu. Mtambo uliolaumiwa ulikuwa ule ule.

Kwa hivyo, mpwa wangu, adabu ya mgeni si kunyamaza tu. Ni kunyamaza juu ya yasiyohusu, ili ukisema, neno lako liwe na uzito. Ukiona mlango uko wazi, hutoi hotuba wala humwaibishi mwalimu. Sema maneno matano: "Mwalimu, mlango wa mizigo wazi." Kama alijua, umepoteza pumzi kidogo. Kama hakujua, umelipa karo yote ambayo mama yako ameuza ploti kuitafuta.

Ila mzigo mkubwa zaidi uko juu ya mwenyeji. Sisi wazazi na walimu tumewalea vijana kwa kauli ya kwamba mtoto hasemi mbele ya wakubwa. Kisha tunashangaa kwamba kijana wa miaka 20 anaona hatari akaumeza ulimi wake. Mtoto uliyemfokea jana kwa kukukumbusha kwamba sufuria iko motoni hatakukumbusha kesho. Atanyamaza kwa heshima, na nyumba itaungua kwa heshima.

Nilimshauri aende akamweleze mwalimu wake ukweli, kwamba aliuona mlango na hakusema. Alisita, lakini Jumanne akaenda. Jioni akanipigia simu, sauti ikiwa nyepesi.

"Alikasirika?" nikamwuliza.

"Alinyamaza kidogo, mjomba. Kisha akasema kosa la kwanza ni lake, kwa kutoukagua mlango, na la pili pia ni lake, kwa kutoniuliza. Sasa kabla ya kuruka anamgeukia aliye kiti cha nyuma na kumwuliza, 'Wewe umeona nini?'"

Msomaji, leo mkiisha kula chakula cha mchana, mgeukie yule mdogo kuliko wote mezani pako umwulize swali hilo. Kisha usimkatize. Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akitujalia.