Daftari la Wiki: Karatasi Niliyomwachia Dada

Dumu la mbele

Jumatatu alfajiri nilishuka mwalo wa Kibirizi, Kigoma, kuujaribu mtumbwi nitakaosafiria wiki ijayo. Nimepanda mitumbwi tangu utotoni, lakini sijawahi kwenda kulala na kuvua nikiwa peke yangu. Huu ni wa mbao, wa wapiga kasia wawili. Nilikaa nyuma nilikozoea. Pua ikanyanyuka juu ya maji, na kila upepo ulipopita ikageukia ufukweni. Nguvu zangu zote zikaishia kuunyoosha.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu aliniita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Jaza dumu maji, liweke mbele. Huyo ndiye mwenzako."

Nilijaza dumu la lita 20, nikalifunga puani, nikasogea karibu na katikati na kupiga magoti. Mtumbwi ukatulia na kushika njia. Anayesafiri peke yake lazima apange uzito wa mtu asiyekuwepo. Sikulijua hilo mpaka Jumatatu.

Hesabu ya kurudi

Nakwenda kaskazini hadi Mtanga, kijiji kilicho kabla tu ya Hifadhi ya Gombe. Gombe iko kilomita 16 hivi kutoka mjini. Hifadhini kuna taratibu na ada zake, kwa hiyo nitalala kijijini, baada ya kuomba ruhusa kwa mwenyekiti. Najihesabia kilomita tatu kwa saa pamoja na mapumziko. Nikiondoka alfajiri, nitafika kabla ya jua la mchana kukaza.

Kazi iko kwenye kurudi. Msimu wa kiangazi upepo wa kusini-mashariki ndio unaotawala ziwa hili. Kwenda utanisukuma, kurudi utanikabili kifuani. Nimeigawa njia ya kurudi katika asubuhi mbili, nikilala Kalalangabo katikati. Tanganyika ina urefu wa kilomita 670 hivi, na kina chake kinafika mita 1,470. Mawimbi yana uwanja mrefu wa kukua kabla hayajakufikia. Nitafuata ufuko, na nisipopenda rangi ya ziwa asubuhi, nitabaki nchi kavu nichemshe chai nyingine.

Kopo lenye kamba

Jumanne niliupindua mtumbwi makusudi, kwenye maji ya kifua, jaketi okozi likiwa mwilini na jirani yangu akiangalia kutoka ufukweni. Mtumbwi wa mbao uliojaa maji hauzami. Unaelea ukingo kwa ukingo na maji, nawe unaweza kuushikilia. Ndiyo sababu wavuvi husisitiza usikiache chombo hata nchi kavu ikionekana karibu. Niliugeuza ukakaa sawa, nikanyoosha mkono kutafuta kopo la kuchotea maji. Lilikuwa limeshaelea hatua kumi kutoka kwangu.

Sasa kopo lina kamba ya urefu wa mkono, imefungwa kwenye kiti. Kasia la akiba nalo lina kamba. Simu na kiberiti viko ndani ya mifuko miwili ya nailoni, mmoja ndani ya mwingine. Nilirudia zoezi mara tatu. Mara ya tatu sikuhitaji kufikiri.

Mwezi au giza?

Nilipofungua kalenda nilitafuta mbalamwezi, nikijiona nimekaa ufukweni na ziwa linang'aa. Mzee wa Kibirizi alinibadilisha mawazo. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hukosa nguvu ya kuwavuta, na wavuvi wengi hupumzika. Ziwa huwa jeupe, lakini halina watu.

Usiku wa giza ndio wenye wenyeji. Taa hupangana majini kama mtaa, na sauti za wavuvi husikika hadi ufukweni. Nimechagua giza. Nitabeba tochi mbili na betri za akiba, nami nitalala nikijua kwamba nikipiga filimbi kuna atakayesikia.

Samaki mwenye watoto

Kabla ya kununua ndoana nilipita ofisi ya uvuvi kuuliza ninachoruhusiwa, na kama ziwa liko wazi kwa uvuvi. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi upande wetu wa ziwa zilisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wapate kuzaliana na kukua. Familia nyingi zilibeba uzito wa miezi hiyo mitatu. Mimi ninayevua kwa furaha siwezi kuwa mlegevu kuliko wao wanaovua kwa riziki.

Migebuka nawaachia wenye vyombo vya kwenda mbali. Mimi nitashusha mshipi karibu na miamba, nikimtafuta kuhe. Ni ndugu wa sato, na ni miongoni mwa wakubwa kabisa wa ukoo huo. Kuhe dume na jike hulinda mayai pamoja, kisha hulinda vifaranga. Nikiwaona wawili wamesimama juu ya kundi la vitoto, napandisha mshipi na kuhama. Ukimtoa mzazi mmoja pale, maadui wa vifaranga hawatasubiri.

Wapiga kasia wa 1871

Novemba 1871, Livingstone na Stanley walitoka Ujiji kwa mtumbwi kwenda kaskazini mwa ziwa, wakaona kwa macho yao kwamba mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Walipita pwani hii hii nitakayopita mimi. Vitabu huwataja wao wawili. Mikono iliyopiga kasia ilikuwa ya wengine, na waliojua wapi pa kutia nanga usiku walikuwa hao hao. Nimelifikiria hilo wiki nzima, maana kila ninachokijua kuhusu safari yangu nimepewa na mtu.

Karatasi

Jumamosi nilimpelekea dada yangu karatasi moja: rangi ya mtumbwi, nitakapolala kila usiku, namba ya mwenyekiti wa Mtanga, na saa. Alhamisi naondoka, Jumapili saa kumi jioni nimefika. Ikifika saa kumi na mbili hajanisikia, ampigie mwenyekiti, kisha aende mwaloni kuwaambia wavuvi.

Aliisoma mara mbili, akaibandika ukutani juu ya mtungi wa maji, mahali ambapo kila mtu wa nyumba ile hufika.

"Na kama samaki wamekubali, ukatamani kuongeza siku?"

"Wakikubali, dada, nitarudi saa ile ile."