Daftari la Wiki: Chungu Kilikuwa cha Nani?

Mavuno yamekwisha Mkalama, na upepo wa Singida unapeperusha makapi ya uwele mpaka barabarani. Ni majira ambayo Nduguti inanukia kimea. Ukipita nyuma ya nyumba fulani asubuhi utakuta gunia limelazwa chini, jingine limefunikwa juu yake, na katikati mtama uliolowekwa unatoa vimizizi vyeupe. Baada ya siku chache utaanikwa, utasagwa, utaingia kwenye uji, na watoto watapata togwa kabla wakubwa hawajapata chao.

Jumatatu nilimsindikiza jirani yangu, mama wa makamo ya bibi zetu, kwenda kujaza karatasi za biashara yake. Macho yake yamechoka, kwa hiyo nilikuwa msomaji wake. Penye aina ya kinywaji palikuwa pamekwisha kupigwa chapa: pombe ya kienyeji. Akaniuliza, "Wameandika nini hapo, mwanangu?" Nikamsomea. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi nauza wanzuki, na siku nyingine nauza ya uwele. Hiyo ya kienyeji ndiyo ipi?"

Swali hilo nimelibeba wiki nzima. Sijawahi kumsikia mtu akiingia kilabuni na kuomba kata moja ya kienyeji. Uchagani ataomba mbege, ambamo ndizi na ulezi vimekutana. Iringa na Njombe ataomba ulanzi, utomvu wa mlanzi uliokatwa ncha wakati wa mvua. Bukoba ataomba rubisi. Mtwara, korosho zinapoiva, ataomba uraka wa mabibo. Hapa kwetu Singida utasikia mtukuru, utasikia wanzuki. Kila jina lina udongo wake, mmea wake na msimu wake. Kuyafagia yote chini ya maneno mawili ni kama kuandika "mboga ya kienyeji" mahali pa mlenda, mchicha, kisamvu na majani ya kunde.

*

Wanzuki. Nzuki ndiye nyuki kwa Wanyamwezi na Wasukuma, majirani zetu wa magharibi na kaskazini, na kinywaji kimeitwa kwa jina la mdudu aliyekifanyia kazi. Asali, maji, chachu, joto, subira. Wakamba wa Kenya nao pombe yao wanaiita uki, neno lililo ndugu wa nyuki wetu.

Mbali zaidi mambo ni yale yale. Kwa Kisanskriti asali ni madhu, na kinywaji kitamu ni madhu. Warusi asali yao ni myod, na pombe ya asali ni myod vilevile. Wagiriki wa kale walikuwa na methy, neno la familia hiyohiyo, ila kwao utamu ulisahaulika ukabaki ulevi. Ndiyo maana jiwe la zambarau waliloamini kuwa linamkinga mnywaji waliliita amethystos, "lisilolewa". Wahabeshi wana teji yao. Inaonekana mahali pengi ambapo binadamu alipanda mti kufuata mzinga, aliteremka na neno moja kwa ajili ya vitu viwili.

Jirani yangu ana lalamiko lake hapa, na naliandika kwa sababu ni la haki. Anasema wapo wanaopika kwa sukari tupu, bila tone la asali, na bado wanaita wanzuki. "Nyuki hajui habari hiyo," aliniambia, akiwa amekasirika kweli.

*

Nikaanza kuyapanga majina kwa jambo moja tu: je, jina linakuambia kilichomo? Mnazi wa pwani unakuambia, ulanzi unakuambia, wanzuki inakuambia. Halafu yako majina yasiyosema kitu kuhusu chungu, yanasema tu kitakachokupata. Gongo ni rungu. Machozi ya simba, kama wazee walivyoiita pombe hiyohiyo, hayana mtama wala muhogo ndani yake, yana simba tu. Sheria ya Tanzania ya 1966 iliyokataza kuitengeneza bila kibali iliiita moshi, na hadi leo mtu akikamatwa na chupa ya gongo hati ya mashtaka husema amekutwa na moshi. Neno hilo limeona vizuri, maana gongo ni mvuke uliokamatwa na kurudishwa kuwa maji.

Waarabu waliutazama mtambo unaokamata mvuke huo wakaona kitu kingine. Waliona matone yanayotoka kwenye mrija, wakasema ni araq, yaani jasho. Jasho hilo limetembea: raki ya Waturuki, arkhi ya Wamongolia, areke ya Wahabeshi, aragi ya Wasudani. Waganda wana waragi. Wengi husimulia kwamba jina hilo ni la Kiingereza, eti war gin, jini ya vita, lakini mimi naegemea upande wa wanaolifuata hadi kwa askari wa Kinubi waliotoka Sudan mwishoni mwa karne ya 19 na aragi yao mdomoni.

Wazungu ndio waliochagua majina ya kutuliza moyo. Wiski ni ufupisho wa maneno ya Kigaeli yenye maana ya maji ya uzima, na Wafaransa nao wana maji yao ya uzima, eau-de-vie. Vodka ni kijimaji.

Kisha liko jina linaloniuma kuliko yote. Novemba 2000, katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa na wengine wakapofuka baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Iliitwa kumikumi, kwa sababu glasi ilikuwa shilingi kumi. Jina zima lilikuwa bei. Halikuwa na mmea, halikuwa na mpishi, halikuwa na kijiji. Miaka 10 baadaye, mwaka 2010, Kenya ilitunga sheria iliyoruhusu chang'aa, yaani gongo yao, itengenezwe kwa leseni na iuzwe kwenye chupa yenye maelezo. Watu wanabishana bado kama sheria ile imesaidia. Mimi nilichokiona ndani yake ni hilo la maelezo: mnywaji ana haki ya kusoma kilichomo.

*

Jumatano jioni, kwenye maandalizi ya harusi, niliwasikia vijana wakihesabu kreti za soda, za bia, na "waini ya meza kuu" kutoka Dodoma. Siku tatu kabla, kanisani, mchungaji alikuwa ameinua kikombe cha divai. Na gazeti nililofungia vitumbua liliandika habari za wakulima wa zabibu na soko la mvinyo.

Kinywaji ni kimoja, na maneno yote matatu yametoka katika tumbo moja, vinum ya Kilatini. Yamefika kwa njia tatu tu. Mvinyo ni vinho ya Wareno, waliotia nanga Malindi mwaka 1498, wakajenga ngome ya Mombasa kuanzia 1593 na kufukuzwa humo mwaka 1698. Walituachia pia meza, bendera, karata na gereza, vitu ambavyo baharia huviona haraka. Tukaivika vinho kiambishi cha m-, ikakaa katika ngeli ya mti kana kwamba imeota hapa. Divai ni du vin ya Wafaransa, na sisi tulichukua na kile kijineno cha mbele tukakishona humohumo. Biblia ya Kiswahili na misale vikaipa heshima ya madhabahuni. Waini ni ya Waingereza, imekuja na menyu za hoteli.

Mzizi wenyewe hata si wa Kilatini pekee. Wageorgia husema ghvino, na katika nchi yao vigae vya mitungi vyenye mabaki ya mvinyo vimepimwa na kukutwa vina miaka 8,000 hivi. Kigiriki oinos, Kiebrania yayin, Kiamhara weyn. Ni neno lililofuata mzabibu popote ulipokwenda.

Na zabibu? Kwa Kiarabu zabib ni iliyokaushwa. Sisi jina la tunda kavu tulilipa na tunda bichi, na tukalazimika kusema "zabibu kavu" tunapotaka kurudi mwanzo. Naona ndani ya neno hilo jahazi na mfuko: tunda lililotufikia likiwa limekwisha kukauka, miaka mingi kabla ya mzabibu wenyewe kuota Ugogo na kuvunwa mara mbili kwa mwaka, kama unavyovunwa leo kwenye mashamba ya Dodoma.

*

Msomaji mmoja Mwislamu aliwahi kuniambia kwamba mambo haya ya vileo hayamhusu. Namheshimu, na sitamshawishi anywe. Lakini lugha yake imo humu kuliko anavyodhani. Kwa Kiarabu khamr, kileo kilichoharamishwa, kina mzizi wa kufunika, kwa kuwa kinafunika akili. Kutoka herufi hizohizo tatu ikatoka khamira, chachu inayofunikwa na unga hadi uumuke. Hamira ya dukani ndiyo hiyo. Na mahamri ya Mombasa, yanayofuturiwa na kuliwa kwa mbaazi, ni ya ukoo huohuo.

Kuna na lingine, zito. Mgonjwa anapofika mwisho tunasema yuko katika sakarati ya mauti. Sakarat, kwa Kiarabu, ni ulevi. Waliolitunga neno hilo walikaa pembeni ya vitanda, wakayaona macho yanayozunguka na ulimi usioshikika, wakaona kifo kinamlevya mtu. Kwa Kiebrania ndugu wa mzizi huo ni shekhar, kileo chochote kikali, na kutoka hapo, kupitia Kigiriki na Kilatini, Waingereza wakapata cider yao ya matufaha. Watafsiri wa Biblia kwa Kiswahili walipofika kwenye shekhar waliandika kileo. Walichagua sawasawa kabisa: shekhar inatoka kwenye kulewa, na kileo kinatoka kwenye kulewa.

*

Jambo dogo kuhusu tembo. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sikiliza hiyo -li-. Angekuwa ndovu, mgema angemtia maji. Kwa sababu ni la mnazi, analitia. Sauti moja katikati ya kitenzi inatenganisha mnyama wa tani kadhaa na kibuyu kilichoning'inia juu ya mnazi. Niliwahi kumsikia mtoto wa darasa la tatu akieleza hilo bila kufundishwa na mtu. Ndovu naye aliingia chupani: kiwanda cha bia cha Kenya kilianzishwa mwaka 1922, na mwaka uliofuata mmoja wa waanzilishi, George Hurst, akauawa na tembo akiwa mawindoni. Bia ikaitwa Tusker, yaani ndovu mwenye pembe. Kwa hiyo Kenya ina tembo wawili wa kunywa, mmoja wa mnazi na mmoja wa chupa, na Kiswahili kimewajua wote.

*

Nimeliacha la mwisho lililonikalisha usiku.

Mwaka 1857 Richard Burton alipita kusini ya hapa na msafara wake, akivuka Ugogo na Mgunda Mkali, nyika ambayo leo sehemu kubwa imo mkoani mwetu, akielekea Tabora. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1860 alieleza pombe ya nafaka ya bara, akaipanga pamoja na buza ya Misri na merisa ya Sudan. Hakuwa mtu wa kutusifu, na mengi aliyoyaandika kuhusu watu wetu yanachukiza kuyasoma. Hata hivyo alijua kwamba chungu cha uwele kina ndugu duniani.

Neno pombe likaenda mbali kuliko yeye. Mwaka 1893 Mjerumani aitwaye Paul Lindner, aliyechunguza chachu, alipata pombe ya nafaka kutoka Afrika Mashariki, akatoa ndani yake kiumbe cha seli moja ambacho hakizaliani kama chachu ya mkate. Chachu ya mkate huchipuza kitoto ubavuni. Hii hurefuka, kisha hujikata katikati, nusu kwa nusu. Akaiita Schizosaccharomyces pombe. Chachu inayojigawa, ya pombe.

Kwa kuwa inajigawa kwa usawa namna hiyo, ikawa kipimo kizuri cha kujifunzia jinsi seli inavyojua wakati wa kuwa mbili. Mwingereza Paul Nurse alitumia miaka mingi juu yake, akapata jeni inayoongoza mgawanyiko huo, na mwaka 1987 kundi lake likaonyesha kwamba binadamu tunayo jeni ya aina hiyohiyo. Mwaka 2001 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Leland Hartwell na Tim Hunt. Mwaka 2002 ramani nzima ya vinasaba vya chachu hiyo ikachapishwa. Leo wanaochunguza saratani London na Tokyo huandika neno letu kila siku.

Ijumaa nilimweleza jirani yangu habari hii, yeye akiwa anageuza kimea kwenye gunia. "Shikamoo mama, nina habari ya chachu yako." Akaitika, akasikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha mikono. Hakushangaa kwamba kitu hicho ni hai. Anasema usiku unakisikia kikichemka bila moto. Alitaka kujua jambo moja.

"Huyo Mjerumani jina lake unalo," akasema. "Chungu kilikuwa cha nani?"

Sikumjibu. Akachukua ile karatasi iliyorudi kutoka ofisini, akanipa na kalamu, akaniambia nikate yale maneno mawili ya chapa na juu yake niandike wanzuki, kwa herufi kubwa, na chini yake jina lake kamili.