Tusingoje Barabara Zife Ndipo Tuzifufue

Masika hayamsubiri mtu. Kila mwaka mvua hizo huinyeshea Mombasa, zikishika kasi mwezi wa Mei, na nyufa nyembamba tulizozipuuza wakati wa kaskazi hugeuka mashimo. Kisha twailaumu mvua. Nathubutu kusema kwamba mvua haina kosa. Kosa ni letu sisi tungojao barabara ife ndipo tuifufue.

Dawa ya mapema ipo, nayo si ghali. Barabara ambayo msingi wake ungali imara husafishwa, mashimo yake machache huzibwa, kisha hunyunyiziwa lami ya moto, humwagiwa kokoto ndogo na kushindiliwa. Utando huo hauitibu barabara iliyokwisha kubomoka. Kazi yake ni kuyazuia maji yasipenye chini, na kuyapa magurudumu mahali pa kushika. Kokoto sharti ziwe za mawe magumu, si matumbawe yetu yasagikayo upesi.

Sisemi njia hii yafaa kila mahali. Pale ambapo malori mazito ya bandari ya Kilindini hukata kona, kokoto zitang'oka. Lakini kwa mitaa ya makazi yafaa sana, na Mji wa Kale una sababu ya ziada. Huko milango hufungukia njiani. Kila tabaka nene la lami huiinua njia, hata maji yakavuka vizingiti na kuingia vyumbani. Utando wenye unene wa kokoto moja hauleti balaa hilo, mradi mifereji izibuliwe kwanza.

Je, fedha hakuna? Tangu 1993 kila anunuaye petroli na dizeli hutozwa ada ya kutunza barabara, na abiria wa matatu huilipa katika nauli yake. Julai 2024 ada hiyo ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Magavana na wabunge wakavutana juu ya nani azitumie fedha hizo, hata wakafikishana mahakamani. Jua na maji hayangoji hukumu.

Tatizo ni kwamba utando mwembamba haukatiwi utepe. Kiongozi hupigiwa vigelegele kwa barabara mpya, si kwa ile aliyoizuia isiharibike. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi serikali ya kaunti na mamlaka ya barabara za mijini zitangaze, kila mwaka kabla ya Machi, mitaa itakayopakwa lami. Nasi walipa ada tuihesabu, mtaa kwa mtaa.