Shabiki Naye ni Raia

Neno shabiki limeonewa katika Kiswahili chetu. Uwanjani halina kero: shabiki ni mpenzi wa timu, basi. Likihamia katika siasa, hugeuka kuwa tusi. Mtu akitetea hoja yake kwa moyo, huambiwa kwamba anaendeshwa na ushabiki, yaani ameacha kufikiri na sasa anashangilia tu. Matumizi haya yamezoeleka hata miongoni mwetu wasomi wa lugha, na kwa maoni yangu yanatuziba macho. Mwenye shaka na aitazame Uingereza, ambako ubishi wa mashabiki ulitoka kwenye baa na majukwaa ya viwanja ukaishia katika kitabu cha sheria.

Tarehe 18 Aprili 2021, vilabu 12 vya Ulaya, sita kati yavyo vya Uingereza, vilitangaza kuanzisha ligi mpya ambamo waasisi wangekuwa na nafasi ya kudumu. Hofu ya kushushwa daraja isingewahusu tena. Mashabiki hawakuulizwa neno. Siku mbili baadaye, wapenzi wa Chelsea walifurika nje ya uwanja wa Stamford Bridge kabla ya mechi na Brighton, wakalizuia basi la timu yao wenyewe. Ilibidi Petr Čech, aliyewahi kuwa kipa wao, atoke kuwasihi. Usiku huo vilabu hivyo sita vikaanza kujiondoa kimoja baada ya kingine. Hata hivyo hasira haikupoa, kwani tarehe 2 Mei mashabiki wa Manchester United waliingia uwanjani Old Trafford, na mechi dhidi ya Liverpool ikaahirishwa.

Tuzingatie ni nani hasa walioandamana. Ni mashabiki wa timu zilezile ambazo zingetajirika. Lau ushabiki ungekuwa upofu, wangeshangilia. Badala yake walibishana kuhusu maana ya umiliki: je, klabu ni mali ya mwenye hisa peke yake, au pia ya mji na vizazi vilivyoijaza viwanja vyake? Hilo ni swali la kisiasa, hata kama aliyeliuliza alikuwa amevaa jezi.

Aidha, swali lenyewe halikuzuka siku hiyo. Mwaka 2002, Wimbledon iliporuhusiwa kuhamia Milton Keynes, mashabiki wake waliunda AFC Wimbledon, wakaanzia ligi za chini kabisa, na kufikia 2011 walikuwa wamerejea katika ligi ya kulipwa. Mwaka 2005, familia ya Glazer ilipoinunua Manchester United, baadhi ya mashabiki walijitenga wakaanzisha FC United of Manchester. Huko Cardiff, mwenye klabu aliwavua wachezaji jezi za buluu mwaka 2012 akawavika nyekundu. Buluu ikarudi 2015 baada ya manung'uniko yasiyokatika. Bury nayo ilifukuzwa katika ligi mwaka 2019 kwa sababu ya madeni. Kwa takriban miaka 20, basi, watu hawa walikuwa wakiinoa hoja moja.

Wapo watakaosema kwamba kilichoshinda ni wingi wa watu. Sikubaliani nao. Mwaka 2019, zaidi ya watu milioni 6 walitia saini ombi la kutaka Uingereza isijitoe katika Umoja wa Ulaya. Kwa utaratibu wa huko, ombi lenye saini 10,000 hujibiwa na serikali, na lenye 100,000 hufikiriwa kwa mjadala Bungeni. Ombi hilo lilijadiliwa tarehe 1 Aprili 2019, na halikubadilisha lolote. Wenye kura 48 kwa mia na wenye 52 kwa mia katika kura ya maoni ya 2016 hawakuwa na msamiati wa pamoja. Kila upande ulilipa neno "wananchi" maana yake. Mashabiki wa vilabu vilivyo mahasimu, wanaotukanana kila Jumamosi, walikuwa nao.

Serikali ilimteua mbunge Tracey Crouch kuongoza uchunguzi uliowasikiliza mashabiki, na ripoti yake ikatolewa Novemba 2021. Mswada uliotokana nayo uliwasilishwa na serikali ya Conservative mwaka 2024, ukafa Bunge lilipovunjwa kwa uchaguzi, kisha Labour wakauwasilisha upya. Ulitiwa saini kuwa sheria Julai 2025. Sheria hiyo imeunda msimamizi huru wa kandanda, inavitaka vilabu vya madaraja matano ya juu kuwa na leseni, na inamzuia mmiliki kubadilisha nembo au rangi ya jezi ya nyumbani bila kuungwa mkono na mashabiki walio wengi. Ubishi wa watu wa Cardiff umo humo, ingawa haukutajwa kwa jina.

Mashabiki wanaohesabiwa, hata hivyo, ni wa Uingereza na Wales tu. Yule wa Kakamega au Kisauni anayejua historia ya Arsenal kuliko ya kata yake hamo. Simlaumu mtunga sheria kwa hilo. Sheria ya nchi hulinda wenye nchi. Ila linatuonyesha pengo letu: tumeazima ubishi wa timu za watu bila kuazima ile hoja ya umiliki.

Na hoja hiyo inatuhusu. Gor Mahia na AFC Leopards ni vilabu vilivyotokana na jamii, na wanachama wake huchagua viongozi. Wanachama hao hubishana kuhusu hesabu za fedha, uwanja, uchaguzi na wadhamini, na hubishana kwa Kiswahili chenye tashbihi, kejeli na mantiki ya kutosha kulisha tasnifu kadhaa. Katika semina moja ya uzamili, mwenzangu alipopendekeza mada ya namna hiyo aliambiwa atafute "fasihi halisi". Alibadilisha mada. Ningependa kumwona mwingine akiirudia, akianza na neno lenyewe: ni lini shabiki alikoma kuhesabiwa kuwa mwenye hoja, na ni nani aliyefaidika neno hilo lilipogeuzwa tusi?