Ati Ndege Ingeruka Tu

Kuna mwandishi anayedai kuwa mtalii wa Zanzibar hachafui hewa: hoteli yake ina umeme wa jua, mirija ni ya mianzi, na ndege ingeruka tu hata bila yeye. Mirija tumeisikia. Frankfurt hadi Unguja, kwenda na kurudi, ni zaidi ya kilomita 13,000, na kila abiria huchomewa mamia ya lita za mafuta. Ni mianzi mingapi ya kufidia mafuta hayo? Ila hilo la "ingeruka tu" ndilo kichekesho chenyewe. Hata kondakta wa daladala pale Darajani, Unguja, anajua gari hufuata abiria. Mwaka 2020 watalii walipoadimika, ndege zilipangwa viwanjani kama mitumbwi maji yamekupwa. Au marubani walisahau kuzirusha? Paneli za paani zinapoza soda ya mgeni, hazikumleta.